Kupe wa Baba Mkubwa

Maitu,

Mambo ya blanketi, godoro na kuchemsha maji ya kunywa ameshayasema mama yako wiki nzima, na kesho asubuhi atayasema tena ukiwa umeshika begi mlangoni. Mimi sitayarudia. Nakuandikia kwa sababu nina hasira na wewe, na mama yako amenikataza kuitoa kwa mdomo. "Andika," ameniambia. "Ukisema utapiga kelele, na mtoto anasafiri." Basi naandika. Chai iko hapa mezani inapoa, na wewe uko chumbani unakunja nguo huku ukiimba, kana kwamba hujafanya kitu.

Umefanya. Leo jioni nilikuwa namkatia ng'ombe majani, baba yako mkubwa Njuguna akaja mpaka kwenye ua wa miiba wa kaiyaba, akasimama upande wake, akaniita kwa jina. Tangu aupande ua huo, tukagawana boma, hajawahi kuniita. Nilidhani kuna mtu amekufa.

"Karanja," akasema, "asante kwa kumtuma Maitu."

"Nimemtuma wapi?"

"Si kwangu? Ameniambia hiyo maneno ya kupe. Ati nisibadilishe tu jina la chupa, nibadilishe aina yenyewe ya dawa. Na nifungue ile dip tena, niite watu wote tuogeshe pamoja, kipimo kamili, ama hakuna kazi tumefanya. Nimesema ni Jumamosi." Akatazama viatu vyake. "Sasa, si utakuja kupima? Hiyo tanki nani mwingine anaijua?"

Panga lilikuwa mkononi mwangu, Maitu. Nililiweka chini nilipojiona bado nimelishika. Nikamwambia nitamjibu, nikaingia ndani.

Najua ulienda kumuaga, na kuaga ni heshima, siwezi kukukataza. Lakini ulijua pia ukienda wewe atasikia. Umepewa jina la mama yetu, Nyambura, kama mzaliwa wa kwanza wa kike anavyopewa jina la nyanya yake, na ndiyo maana mimi na yeye, wazee wazima, tunakuita Maitu, yaani mama. Njuguna hawezi kukatalia jina hilo. Hata alipokuwa hanisalimii mimi, wewe alikuwa anakuita barabarani anakununulia mandazi. Kwa hivyo umemtumia marehemu mama yetu kumwokoa mtu ambaye mimi nilitaka aanguke. Nasema nilitaka, sitafuti neno la kupunguza. Nilitaka aanguke na nilitaka niwepo.

Sasa sikiliza, kwa sababu ulikuwa mdogo na hadithi hii umeisikia kwa vipande, tena vingi kutoka kwa watu wa upande ule.

Josho lile, dip kama Njuguna anavyoliita, lilikuwa la watu wote wa Kalimoni huku chini. Kila wiki ng'ombe walipangwa foleni, wakaingia mmoja mmoja, wakaogelea kwenye maji ya dawa, wakatoka upande wa pili wakitetemeka na kupe wakianza kudondoka. Mimi ndiye nilikuwa nachanganya. Njuguna alikuwa mwenyekiti wa kamati, na ufunguo wa stoo ulikuwa kwake. Niliipenda kazi ile. Nilikuwa najua kina cha maji kwa kuangalia alama ukutani, najua mvua ikinyesha nimeongezewa maji kiasi gani na dawa ipande kiasi gani. Watu walikuwa wakiniita Daktari, kwa utani, lakini utani wa kuheshimu.

Halafu msimu mmoja Njuguna akaanza kunitolea chupa nusu. Nikamwuliza.

"Hii ni mpya, ni kali sana," akasema. "Ukiweka yote utachoma ng'ombe ya watu macho. Weka nusu, koroga, maliza."

Nikaweka nusu. Alikuwa kaka yangu mkubwa na alikuwa ndiye mwenyekiti. Mwanzoni kupe walidondoka kama kawaida. Baadaye wakawa wanadondoka wachache, halafu ng'ombe wakawa wanatoka kwenye josho na kupe wao masikioni wameshiba, wanang'aa. Kisha homa ikaingia, ile ya kupe, wenyewe huiita East Coast. Tezi za chini ya sikio zinavimba, ng'ombe anakataa kula, anapumua kwa shida, povu linatoka puani. Alianza wa jirani yetu Mama Wairimu. Akafuata Nyange wetu, yule mweupe aliyekulisha wewe maziwa ukiwa na meno mawili. Mama yako alilala zizini akimpangusa pua na kitambaa cha kanisani, na bado akafa.

Wakaita mkutano pale joshoni. Watu walikuwa wamekasirika, na hasira ya mtu aliyezika ng'ombe haichagui maneno. Mmoja akasema nakunywa pombe napima vibaya. Mwingine akasema nauza dawa Thika naweka maji. Nikamtazama Njuguna. Nilikuwa nangoja aseme, "Mimi ndiye nilimwambia aweke nusu." Akasimama, akavua kofia, akasema, "Huyu ni ndugu yangu wa damu. Lakini ni yeye anachanganya. Mimi nitasema nini?"

Akakaa. Hayo ndiyo maneno yote aliyosema. Mambo mengine wakasema watu, yeye hakuhitaji kuongeza.

Josho likafungwa. Mimi nikapewa jina, Karanja Maji. Unalijua hilo jina, ulirudi nalo kutoka shule ukilia, nikakuambia ni kwa sababu napenda kunywa maji. Nilienda Ruiru kutafuta kazi ya kukamua kwenye boma la mtu nisiyemjua kabisa, na kijana wa pale getini akaniangalia akasema, "Haiya, si huyu ni ule msee wa maji?" Nikaishia kulinda ploti ya wapangaji Kamenu, nafungulia watu geti, mtu aliyekuwa akiitwa Daktari. Mwaka uliofuata Njuguna akapanda ua wa kaiyaba katikati ya boma la baba yetu. Kaiyaba ina miiba mirefu kuliko kidole. Alitaka nielewe, na nilielewa.

Wazazi wakiandikia watoto hutaja makosa yao ili mtoto ajifunze. Langu ni hili: niliamini. Miaka mizima nilikuwa nakaa kwenye kile kibanda cha getini nikijiuliza kama macho yangu yalikuwa yameharibika, kama siku fulani nilisahau mvua, kama kweli nilipima vibaya. Niliwaua Nyange na ng'ombe wa jirani kichwani mwangu mara nyingi. Na wakati wote huo pua yangu ilijua ukweli. Kila wiki msimu ule wa nusu Njuguna alikuwa akijifunga pampu mgongoni, anawapulizia ng'ombe wake wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi, nyumbani kwake, kwa sababu hakutaka wachanganyike na ng'ombe wa watu. Harufu ilikuwa ile ile ya dawa ya josho. Nusu niliyonyimwa ilikuwa inaishia pale, na mimi nilikataa kuijua kwa sababu alikuwa kaka yangu. Huko chuoni utafanya kazi na watu, Maitu, maabara na vikundi. Siku kitu kikiharibika na vidole vyote vikakuelekea, kabla hujakubali, uliza kwanza nusu iko wapi.

Aliyenitoa kwenye shimo lile ni wewe. Ulikuwa kidato cha nne, unasoma kwa sauti jikoni kwa sababu mama yako alikuwa anataka kusikia kama unasoma kweli. Mimi nilikuwa nakula. Ukasoma mambo ya viumbe kuzaa watoto wengi kuliko watakaoishi, watoto wasiofanana, na wale wanaofaa mahali walipo ndio wanaobaki wakazaa. Kisha ukasoma neno kupe. Nikaweka sahani chini.

"Soma tena hapo."

"Aai, Baba, si ni mfano tu."

"Soma."

Ukasoma. Nikakuambia hiyo naijua, kupe walizoea dawa, kama mlevi anavyozoea pombe. Ukacheka, ukatikisa kichwa, ukasema, "Zii, Baba, hapo ndio watu hukosea. Kupe mmoja hazoei. Anakufa ama hafi." Ukachukua maharagwe ya mama yako ukayamwaga kwenye chungio. Madogo yakapita, makubwa yakabaki. "Sasa ukipanda haya yamebaki peke yake, na kama ukubwa unarithiwa, mwaka ujao utavuna makubwa kushinda ya mwaka huu. Lakini chungio haijafunza haragwe yoyote kuwa kubwa. Yalikuwa hivyo kabla ya chungio kuja."

Nikakuuliza vipi kuhusu dawa nusu. Ukafikiria. Ukasema kipimo kamili kinaua karibu wote, hata wale wenye nguvu kidogo, na anayebaki akitafuta mchumba anapata dhaifu wa porini asiyepitia dawa. Nusu inawaacha wale wa nguvu kidogo wengi sana, wanaoana wao kwa wao, na watoto wao wanapata nguvu za pande zote mbili. Vizazi vichache tu, na malisho yote ni yao.

"Kwa hivyo nani aliwachagua hao kupe?" nikauliza.

"Hakuna mtu, Baba. Ni dawa."

"Na nani alisema iwekwe nusu?"

Mama yako akazima redio. Jikoni mle ndimo nilipojua kwamba mkono wangu haukukosea, na hapo hapo ndipo nilipoanza kumchukia ndugu yangu sawasawa. Kabla ya siku ile nilikuwa na uchungu tu. Wewe ulinipa sababu, kwa lugha ya kitabu, na nilikushukuru kimoyomoyo kila asubuhi nikienda kazini.

Kilichofuata ndicho ulichoharibu. Kupe hawasomi ua. Wale waliolelewa kwenye maji ya nusu walipanda sungura, wakapanda mbwa, wakapita chini ya kaiyaba, wakafika kwa ng'ombe wa gredi wa mwenyekiti. Akajifunga pampu. Hawakufa. Akaongeza dawa, hawakufa. Akanunua chupa nyingine yenye jina jingine na dawa ile ile ndani, hawakufa. Mimi ng'ombe wangu mmoja nilikuwa nimeshambadilishia aina ya dawa kwa sababu yako, na masikio yake ni safi kama sahani. Jioni nilikuwa natoa kiti nje, nakaa upande wangu wa ua na chai yangu, nasikiliza ng'ombe wake wakikohoa. Alipokufa yule mkubwa aliyemwita Manager, nilisikia mke wake akipiga nduru. Niliongeza sukari. Nakuandikia hivi ujue baba yako ni mtu wa namna gani, usije ukasikia kwa wengine. Nilikuwa nasema moyoni, hao ni watoto wako, Njuguna, umewazaa mwenyewe, umewanyima dawa wakakua, sasa wamekuja nyumbani kula.

Ndipo mwezi uliopita ndama wa Mama Wairimu akafa pia, ng'ombe wake wa pili kufa na homa ile. Ukaja mezani hujanawa mikono, ukaniambia, "Baba, wewe umejua mwaka mzima. Unawalea hao kupe na wewe."

Nilikufukuza mezani. Mama Wairimu alikuwa amenirushia maneno siku ya mkutano, hilo ni kweli, lakini ndama yule alikuwa hajazaliwa. Nadhani siku ile ndipo ulipoamua kwenda kwa Njuguna, na ulingoja mpaka uwe umepata nauli na nafasi ya chuo ili nisiweze kukufanya kitu. Umenirithi ujanja.

Kuna siku nyingine nataka uikumbuke ukiwa chuoni Kisumu. Tulimkuta kinyonga kwenye kaiyaba. Mimi nilirudi nyuma, sisi tulikuzwa tukiogopa kinyonga, na wewe ukamchukua kwenye kijiti kama mtu anayebeba yai. Mlima wa Kilimambogo ulikuwa unaonekana vizuri, na ukaniambia kwamba spishi mpya haziji kwa muujiza. Ukasema, chukua vinyonga wanaopenda baridi. Zamani baridi ikishuka mpaka mabondeni, msitu unashuka nayo, vinyonga wanatembea wanavyotaka, wanaoana. Joto likirudi, msitu unapanda juu ya milima, na bonde linakuwa kavu hawawezi kulivuka. Wa mlima huu wamebaki huku, wa mlima ule kule. Hakuna anayewabadilisha kwa makusudi. Kila upande unapata mabadiliko yake madogo, huku rangi, kule pembe, huku namna ya kuchumbiana, na kwa sababu hawachanganyiki, mabadiliko hayavuki. Muda ukipita vya kutosha, hata bonde likifunikwa na msitu tena wakakutana, hawatambuani. Hawapandani, na wakipandana mtoto hapatikani, au anapatikana na hazai. Hapo ndipo unaweza kusema ni aina mbili.

Nilitazama ule ua, nikatazama nyumba ya Njuguna. Watoto wake hawajui kwamba babu yao aliwahi kukaa pale ninapofungia ng'ombe. Wanasali kanisa jingine sasa, wanacheka kwa namna nyingine, wanalima tofauti. Nikakuambia, "Basi sisi na hawa tumeshakuwa aina mbili."

Ukacheka mpaka kinyonga akaanguka. "Baba, hiyo inataka maelfu ya vizazi. Nyinyi mmekosana juzi. Watu wote ni spishi moja, hata baba mkubwa."

Niliudhika. Nilikuwa nimepata neno zuri la kumtoa kwenye ukoo, ukaninyang'anya. Hata wale kupe, ukasema, pamoja na kushinda dawa, bado ni kupe wale wale, wanaoana na wa kawaida bila shida. Kubadilika ni jambo moja na kuwa aina nyingine ni jingine, na mtu akikuambia kabila fulani au ukoo fulani ni aina nyingine ya watu, anatafuta ruhusa ya kuwafanyia kitu. Uliyasema wewe hayo, nikajifanya nakata majani. Lakini niliyasikia, na kesho ukivuka mabonde yote yale kwenda kukaa na watu wa lugha nyingine, ndiyo yanayonifanya nisiogope sana. Utabadilika. Utarudi na namna nyingine ya kucheka. Mimi nitakujua.

Sasa nakupa jibu langu la Jumamosi, kwa sababu kesho kutwa Njuguna atakupigia simu kukuuliza.

Nitaenda kupima. Mama yako ameshafua koti langu la mvua. Nimeenda kwenye ua baada ya chakula nikamwambia Njuguna masharti mawili tu. La kwanza, ufunguo wa stoo nikae nao mimi. La pili, kabla ng'ombe hata mmoja hajaingia majini, asimame yeye, mwenyekiti, awaeleze watu uliyomwambia wewe: kwamba lazima wote waogeshe pamoja, na kwamba boma moja likibaki nje, kupe wa boma hilo watarudi kwa kila mtu na dawa mpya nayo itaharibika. Akakubali haraka. Alifurahi, hata. Alidhani nimesamehe.

Sijasamehe. Nitapima kipimo kamili, mbele ya watu wote, chupa juu waione. Mama Wairimu ataingiza wake kwanza. Wengine watafuata. Ng'ombe wa Njuguna watakuwa mwisho, kwa sababu mwenyekiti hupisha wageni wake, na nitamwambia hivyo kwa heshima. Wakifika mlangoni pa josho nitauziba ule mlango kwa mti, nisimame mbele yake, nimwulize kwa sauti ile ile aliyotumia yeye kusema mimi ni ndugu yake wa damu: "Njuguna, ile nusu nyingine ilikuwa inaenda wapi?"

Najua utakaposoma hapa utaruka. Utasema, Baba, ng'ombe wake wakirudi nyumbani bila kuoga kazi yote ni bure, kupe wataanza upya. Ndiyo, Maitu. Mimi najua. Na wakati huo Mama Wairimu atakuwa anajua, na kila mtu aliyezika ng'ombe atakuwa anajua, watakuwa wamesimama pale na ng'ombe wao waliolowa, wakimngoja yeye, na aliyewaambia hayo atakuwa ni Njuguna kwa mdomo wake mwenyewe.

Ndiyo maana atajibu.

Baba yako,
Karanja